Idadi ya Watu au Kiwango cha Matumizi: Ulinganisho kwa Anayelazimika Kuanza na Kimoja

Mjadala kuhusu mipaka ya dunia una pande mbili ambazo kwa kawaida hazisikilizani. Wa upande mmoja husema kwamba watu wamekuwa wengi kuliko ardhi, maji na misitu inavyoweza kuwabeba, na kwamba juhudi zozote zisizogusa idadi ya wanaozaliwa ni kupoteza muda. Wa upande wa pili husema kwamba tatizo ni wachache wanaotumia bila kiasi, na kwamba kumnyooshea kidole mwanamke wa kijijini kuhusu idadi ya watoto wake ni njia ya matajiri kukwepa hesabu yao wenyewe. Pande zote mbili zina takwimu, na takwimu hizo kwa sehemu kubwa ni sahihi. Ndiyo maana ubishi huu, ambao Thomas Malthus aliuwasha mwaka 1798 huko Uingereza, haujapata kuzimika.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mtu mwenye fungu dogo ambaye hawezi kulisambaza kila mahali. Anaweza kuwa diwani anayepanga bajeti ya kata, mjumbe wa kamati ya mazingira, mfadhili mdogo, au Mswahili anayeishi ughaibuni na anayetaka mchango wake wa kila mwaka ufanye kazi ya maana. Je, fedha yake iende kwenye uzazi wa mpango na elimu ya wasichana, au iende kwenye kubadili namna watu wanavyotumia kuni, samaki, mafuta na bidhaa? Jibu langu, ambalo nitalitetea hapa chini, ni kwamba uchaguzi huu haufai kufanywa kabla ya kujua ni mpaka gani unavunjwa na ni nani anayeuvunja, kwa sababu dawa ya mpaka mmoja huweza kuwa maji matupu kwa mpaka mwingine.

Hesabu inayowaunganisha wabishani

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa wakitumia kanuni moja rahisi: madhara kwa mazingira ni zao la idadi ya watu, kiasi anachotumia kila mmoja, na aina ya teknolojia inayotumika kukipata kinachotumiwa. Kwa kuwa vitu hivyo vitatu vinazidishwa, haiwezekani kukitupa kimoja na hesabu ikabaki na maana.

Tuchukue malighafi, yaani kila kinachochimbwa, kinachovunwa na kinachokatwa duniani, kuanzia mchanga na chuma hadi mahindi na magogo. Mwaka 1970 watu walikuwa takriban bilioni 3.7, na malighafi zilizotolewa mwaka huo zilikuwa kiasi cha tani bilioni 30. Kufikia mwaka 2024 watu walikuwa wamepita bilioni 8, na kwa makadirio ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, malighafi zilikuwa zimepita tani bilioni 100. Watu wameongezeka mara mbili na zaidi kidogo, ilhali malighafi zimeongezeka zaidi ya mara tatu. Hii ina maana kwamba hata kama kila mtu angebaki na matumizi ya mwaka 1970, wingi wa watu peke yake ungeongeza mzigo mara mbili. Kilichobaki kimetokana na kila mtu, kwa wastani, kutoka tani 8 hivi kwa mwaka na kufikia tani 13.

Mtu angeweza kusoma takwimu hizo na kuhitimisha kwamba idadi na matumizi vinagawana lawama, kisha akagawa fedha zake nusu kwa nusu. Hapo ndipo wastani unapodanganya. Watu wa nchi tajiri, kwa mujibu wa UNEP hiyohiyo, hutumia malighafi mara sita kwa kila mtu kuliko watu wa nchi maskini, na leo idadi ya watu inakua kwa kasi zaidi katika nchi hizo ambazo kila mtu hutumia kidogo. Ukuaji wa idadi na ukuaji wa matumizi kwa kiasi kikubwa umetokea katika nyumba tofauti, na anayezidisha wastani wa dunia huzichanganya nyumba hizo kana kwamba ni moja.

Mpaka upi, na unavunjiwa wapi

Mwaka 2009 kundi la wanasayansi likiongozwa na Johan Rockström wa Stockholm lilipendekeza mipaka tisa ambayo dunia haipaswi kuivuka ikiwa hali iliyowalea binadamu kwa miaka elfu kumi iliyopita itaendelea. Tathmini ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba sita kati ya hiyo tisa imeshavukwa, ikiwamo ya tabianchi, uhai wa viumbe, matumizi ya ardhi na maji baridi. Kwa anayechagua, jambo la kuangalia ni kwamba mipaka hii haifanani tabia. Hewa ukaa inayotoka Texas huchanganyika na hewa ya Tanga, hivyo haijalishi imetokea wapi. Msitu unaokatwa Kigoma, kisima kinachokauka Dodoma na udongo unaosombwa mlimani hubaki kuwa hasara ya mahali palepale kwanza, na huko ndiko wingi wa watu huonekana kwa macho.

Kwa hewa ukaa, ulinganisho hauna hata mvutano. Mmarekani mmoja hutoa takriban tani 14 kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, na Mtanzania mmoja hafikishi hata nusu tani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wote hao kwa pamoja hutoa hewa ukaa ya aina hiyo kwa kiasi kinachoweza kutolewa na Wamarekani wasiofika milioni mbili. Tafiti mbalimbali za mgawanyo wa hewa hiyo hukaribiana katika jambo moja, kwamba asilimia 10 ya watu walio matajiri zaidi duniani huchangia karibu nusu yake. Mtu anayetoa fedha za uzazi wa mpango nchini Tanzania kwa nia ya kupunguza joto la dunia, basi, amenunua kitu kizuri kwa sababu isiyo sahihi. (Ni haki kuongeza kwamba hesabu hii inaacha nje ukataji wa misitu na mifugo, ambavyo kwa Tanzania ni vizito kuliko moshi wa magari na viwanda. Tofauti na Marekani ingepungua vikihesabiwa, lakini isingefutika.)

Hali hugeuka tunaposhuka kijijini. Pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkoani Kigoma, misitu iliyokuwa nje ya mipaka ya hifadhi ilikuwa imekatwa karibu yote kufikia miaka ya mwanzo ya 1990, kwa mashamba, kuni na mkaa, katika eneo ambalo idadi ya watu iliongezeka kwa uzazi na pia kwa wakimbizi waliovuka kutoka Burundi na Kongo. Hakuna aliyekuwa akiishi maisha ya anasa katika vijiji hivyo, na kuwahubiria kupunguza matumizi kungekuwa mzaha. Mradi wa TACARE ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, uliweka pamoja upandaji miti, mikopo midogo, kilimo, afya na uzazi wa mpango, kwa sababu wanavijiji wenyewe walianza kuzungumzia afya na shule kabla ya sokwe. Rwanda nayo, yenye watu zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba na ambako familia nyingi hulima chini ya hekta moja, ni mahali ambapo kila mtoto anayezaliwa anabadilisha urefu wa kamba ya kupimia shamba la urithi.

Hata hivyo, kuna Machakos, na kila anayedhani kwamba wingi wa watu lazima uharibu ardhi anapaswa kuifikiria Machakos. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni wa Kenya waliamini kwamba vilima vya Wakamba vimekwisha kwa mmomonyoko. Kufikia mwaka 1990 watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mavuno kwa kila ekari yamepanda. Kilichotokea ni kazi ya mikono: matuta ya aina ya fanya juu, ambayo hutengenezwa kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na ambayo jina lake la Kiswahili limeingia katika msamiati wa wataalamu wa udongo duniani kote. Soko la Nairobi lilikuwa karibu, kahawa ilileta fedha, na walioajiriwa mjini walituma mishahara nyumbani; bila hayo, matuta pengine yasingetosha, na sehemu kame za wilaya hazikunufaika kwa kiwango kilekile. Machakos haithibitishi kwamba watu wanaweza kuongezeka bila kikomo. Inathibitisha kwamba kikomo cha mahali husogea, na kwamba anayekisogeza anahitaji mtaji, soko na haki ya kumiliki ardhi.

Suala la muda

Anayechagua aangalie pia saa. Kenya ni somo bora hapa, kwa sababu ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta wastani umeshuka hadi 3.4. Ni mafanikio makubwa yaliyopatikana bila kumlazimisha mtu. Lakini katika muda huohuo, kati ya sensa ya mwaka 1979 na ile ya 2019, idadi ya Wakenya ilipanda kutoka milioni 15 na kitu hadi 47,564,296. Uzazi ulipungua kwa zaidi ya nusu na watu wakaongezeka mara tatu, kwa kuwa wasichana waliozaliwa wakati wa uzazi mkubwa walikuwa bado wanakua na kuanzisha familia zao. Tanzania, ambako zaidi ya asilimia 40 ya watu wako chini ya umri wa miaka 15, imebeba mzigo huohuo tumboni mwake. Hata kama kila mwanamke angeamua leo kuzaa watoto wawili tu, idadi ingeendelea kupanda kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo uzazi wa mpango ni mti wa mwembe: anayeupanda asitarajie maembe msimu ujao. Mpaka unaokaribia kuvukwa mwaka huu haukingwi kwa njia hiyo.

Matumizi, kwa upande wake, yanaweza kubadilika haraka sana pale ambapo kuna kitu mbadala. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na baada ya majuma machache rambo ilikuwa imetoweka kwenye maduka mengi. Kwa mizani ya dunia hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, iliyozuia gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zilizokuwa zikila tabaka la ozoni. Wakati inasainiwa watu walikuwa bilioni 5. Leo ni zaidi ya bilioni 8, majokofu ni mengi kuliko wakati wowote, na bado ozoni inapona. Huu ndio mfano ulio wazi zaidi wa mpaka wa dunia uliookolewa, na uliokolewa kwa kubadili kitu kinachotumiwa na namna kinavyotengenezwa, bila kugusa idadi ya wanaokitumia.

Chakula hakikubali ufumbuzi rahisi namna hiyo, kwa kuwa tumbo halina mbadala. Lakini hata hapo aina ya matumizi ina uzito: karibu nusu ya ardhi inayokalika duniani hutumika kwa kilimo na ufugaji, na sehemu kubwa ya hiyo ni malisho na mashamba ya chakula cha mifugo, ambayo hurudisha chini ya theluthi moja ya nguvu ambayo binadamu huipata kutokana na chakula. Na mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula kutoka majumbani, hotelini na madukani.

Hiari na shuruti

Njia zote mbili zimewahi kuharibiwa na haraka ya watawala. India, katika kipindi cha hali ya hatari cha 1975 hadi 1977, ilifunga uzazi wa watu zaidi ya milioni 6 kwa mwaka mmoja, wengi wao wakiwa maskini waliotishwa au kunyimwa huduma, na serikali hiyo ikaanguka katika uchaguzi uliofuata. China iliweka sera ya mtoto mmoja kuanzia mwaka 1980 na kuiacha mwaka 2016, ingawa uzazi ulikuwa umeshaporomoka kutoka takriban watoto 6 hadi chini ya 3 katika miaka ya 1970, kabla ya sera hiyo kuanza. Thailand na Iran zilifika palepale kwa kliniki, elimu na ushauri wa hiari. Sioni hoja yoyote iliyobaki ya kutetea shuruti katika uzazi, na ningemshauri mfadhili aukimbie mradi wowote unaojipimia mafanikio kwa idadi ya waliofungwa uzazi.

China inafundisha jambo lingine ambalo wapenzi wa hoja ya idadi hulipita upesi. Katika miaka ileile ambayo familia zilikuwa zikipungua, hewa ukaa kwa kila Mchina ilipanda kutoka takriban tani moja na nusu hadi kiasi cha tani 8. Familia ndogo huwa na akiba, akiba hununua, na ununuzi huo una moshi wake. Siwalaumu waliotoka katika umaskini. Ninasema tu kwamba kupunguza uzazi hakuleti kupungua kwa matumizi, na aliyeahidiwa kwamba la kwanza litaleta la pili ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Shuruti ya upande wa matumizi huonekana laini, lakini nayo ina waathirika wake. Marufuku ya mkaa ikitangazwa bila gesi ya bei nafuu humwangukia mama lishe na mchomaji mkaa, wakati mwenye jiko la umeme hahisi kitu. Mkaa ni mfano mzuri wa sehemu ya tatu ya ile kanuni, teknolojia, kwa kuwa matanuri ya udongo ya kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa. Familia ya watu saba inayopikia gesi huugusa msitu kidogo kuliko familia ya watu watatu inayopikia mkaa. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia unalenga kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, na kama mitungi itajazwa kwa bei ambayo kibarua anaimudu, utaipunguzia misitu ya Pwani na Morogoro mzigo mapema kuliko mpango wowote wa uzazi.

Viongozi wetu nao wamewahi kuvutana na suala hili. Mwalimu Nyerere, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano mwaka 1969, alikubali kwamba nchi ina ardhi nyingi, lakini akakumbusha kwamba wanaoongezeka kila mwaka ni watoto wachanga watakaohitaji kulishwa na kusomeshwa kabla ya kuzalisha chochote. Rais Magufuli, mwaka 2018, aliwaambia wananchi wa Meatu waachane na uzazi wa mpango na wafanye kazi kwa bidii. Nikilinganisha hoja hizo mbili, ya Nyerere ndiyo inayohesabu muda.

Fedha iende wapi

Aishiye London, Dubai au Minneapolis, ambaye kinachomsumbua ni joto la dunia, aanze na matumizi, tena yake mwenyewe na ya nchi anayolipia kodi. Safari moja ya ndege kwenda Dar es Salaam na kurudi inatosha kupita hewa ukaa ambayo Mtanzania wa kawaida hutoa kwa mwaka mzima kutokana na mafuta na gesi. Simaanishi asije kumwona mama yake. Namaanisha kwamba mchango wake kwa zahanati ya kijijini auhesabu kuwa ni msaada kwa afya ya akina mama, jambo ambalo ni kubwa vya kutosha, wala asiuhesabu kuwa ni fidia ya ndege.

Diwani wa kata ambayo msitu wake unaishia kwenye magunia ya mkaa yanayokwenda mjini aweke nguvu kwenye nishati na kwenye haki ya kijiji kuusimamia msitu huo, kwa kuwa anayeumaliza ni mlaji wa mbali ambaye hazaliwi katani kwake. Kata ambayo mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, madarasa yana watoto zaidi ya mia moja, na wanawake wanauliza sindano na vijiti vya kupanga uzazi bila kuvipata, haina sababu ya kusubiri. Huko Nyota ya Kijani, nembo ya huduma za uzazi wa mpango, ndiyo ya kwanza, ikifuatana na kuwabakiza wasichana sekondari, na matuta ya fanya juu yaje pamoja nazo ili ardhi ihimili miaka ishirini ya katikati.

Inapotokea kwamba mahali pamoja idadi na matumizi vyote viwili vinabana, kama kandokando ya Ziwa Tanganyika, mimi ningeangalia ni kipi kimeshapata mwenyewe wa kukishughulikia. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Hatua hiyo ina serikali nne nyuma yake, ina doria, na matokeo yake huonekana kwenye mitego ndani ya msimu. Sindano ya miezi mitatu katika zahanati ya kijiji ambacho hufikika kwa boti kuliko kwa gari haina serikali nne nyuma yake, na ikikosekana mwezi mmoja hakuna taarifa ya habari itakayosomwa. Fungu dogo ningelipeleka huko, kwenye boti inayobeba dawa.